Kijana wa Likawage Asiwe Mgeni Kijijini Kwake

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazazi, vijana na viongozi wa kijiji huko Likawage, Wilaya ya Kilwa.



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wasio shuleni, wasio na kazi, na wasio katika mafunzo yoyote. Jambo hili si la Likawage peke yake. Shirika la Kazi Duniani lilieleza kwamba mwaka 2023 kijana mmoja katika kila watano duniani alikuwa katika hali hiyo, na kwamba katika kila vijana watatu wa namna hiyo, wawili walikuwa wanawake. Lakini anayeumwa jino hatulizwi kwa kuambiwa kwamba wanaoumwa ni wengi. Kwa hiyo nitasema zaidi juu ya hapa kwetu, na juu ya yale ambayo mkutano huu una uwezo wa kuyaamua wenyewe.

TUNAZUNGUMZA JUU YA NANI

Mara nyingi tukisema "vijana wasio na kazi" tunamfikiria mtu mmoja tu, naye ni yule aliyekaa chini ya mwembe akicheza bao asubuhi. Huko ni kujidanganya. Yuko aliyemaliza darasa la saba, jina lake lisionekane katika orodha ya waliochaguliwa. Yuko aliyefika kidato cha nne, na matokeo yake yasimpe nafasi ya kuendelea, naye akarudi nyumbani akiona haya kushika jembe mbele ya wenzake. Yuko msichana aliyeacha shule kwa sababu ya mimba au kwa sababu ya kuozwa mapema. Huyu hata chini ya mwembe hatumwoni, maana kutwa yuko kisimani, jikoni na shambani, na jioni tunasema hana kazi. Yuko aliyekwenda Dar es Salaam, akauza maji na karanga barabarani, kisha akarudi na begi lake tupu. Na yuko yule ambaye kila siku anatafuta kibarua: leo apalilie ufuta wa mtu, kesho apakie magogo katika lori la mtu, keshokutwa asipate kitu.

Watu hawa watano wana shida tano mbalimbali. Wa kwanza anahitaji ufundi. Wa pili anahitaji kuonyeshwa kwamba elimu aliyoipata ina matumizi hapa alipo. Wa tatu anahitaji njia ya kurudi darasani, na mtu wa kumshikia mtoto. Wa nne anahitaji mtaji na ushauri, kwa sababu biashara ameshaionja. Wa tano anahitaji ardhi iliyo yake. Tukiwapa wote dawa moja tutapoteza dawa, na wagonjwa watabaki palepale.

WATU WA HUKU HAWAJAPATA KUCHUKIA KAZI

Wapo wazee wanaosema kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Nawaomba wazee wangu waniwie radhi, maana katika jambo hili nitawakumbusha historia yetu wenyewe.

Mwezi Julai 1905, wananchi wa Umatumbi, hapahapa Kilwa, waling'oa pamba katika mashamba ya serikali ya Wajerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Je, walikuwa wavivu? Hasha! Walikuwa wakulima hodari. Walichokikataa ni kazi ya shuruti, iliyowatoa katika mashamba yao wenyewe na kuwapa ujira usiotosha hata kodi. Walikataa jasho lisilo na tunda. Hilo ni jambo moja, na uvivu ni jambo jingine kabisa.

Baadaye vijana wa kusini waliandikishwa manamba katika mashamba ya mkonge. Kisha mwaka 1947 ukaja mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ambao ulifika Nachingwea, na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara kwenda huko. Vijana wakaacha majembe yao wakakimbilia mishahara. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hata reli yenyewe iling'olewa. Aliyeileta kazi aliondoka nayo, na kijana akabaki na kumbukumbu ya mshahara.

Tulipopata Uhuru wenyewe, tulijaribu mengi, na tuyapime kwa haki. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa mwaka 1963. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, akieleza kwamba shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika kwa maisha ya mtoto, isiwe ngazi tu ya kupandia wachache kwenda sekondari. Mwaka 1974, huko Musoma, ikaamuliwa kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, na kazi hiyo ikafanywa kwa juhudi ambayo dunia iliistaajabia. Lakini nafasi za sekondari zilibaki chache sana. Kila mwaka maelfu walimaliza darasa la saba wakiwa wamejua kusoma na kuandika, na wakiwa hawana pa kwenda.

Ndipo mwaka 1983 ikatungwa sheria ya kugawa nguvukazi. Watu waliokamatwa mijini bila kitambulisho cha kazi walipandishwa magari wakapelekwa vijijini. Baada ya muda si mrefu wengi walikuwa wamerudi mjini. Kwa nini? Kwa sababu kumleta kijana kijijini si sawa na kumpa sababu ya kukaa kijijini. Alishushwa garini bila shamba lililopimwa, bila zana, na bila mnunuzi wa mazao yake. Mti haushiki kwa kuchomekwa tu ardhini. Hushika ukiwa na mizizi.

Kutokana na historia hiyo ndefu napata mafunzo mawili. La kwanza, kazi inayoletwa na mgeni huondoka na mgeni. La pili, kijana hatulizwi kwa amri; hutulizwa kwa kuwa na fungu lake katika mali ya mahali alipo. Basi na tuiangalie mali ya Likawage.

MSITU NA UFUTA

Kijiji hiki ni miongoni mwa vijiji vya Kilwa vilivyotenga msitu wao wa hifadhi na kuusimamia wenyewe. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Wenzenu wa Kikole na Kisangi, mwaka 2009, walipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na walikuwa watu wa kwanza katika Afrika kukipata kwa msitu wa asili unaotunzwa na wanakijiji. Mpingo wetu unatafutwa duniani kwa kutengenezea zumari za Kizungu, klarineti na obo, na Wamakonde wameupa heshima kwa vinyago vyao. Fedha zilizotokana na misitu ya vijiji zimejenga madarasa, visima na nyumba za watumishi. Hayo ni mambo ya kujivunia.

Mali ya pili ni ufuta. Mkoa wa Lindi unajulikana nchi nzima kwa zao hili, nalo siku hizi huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani. Kijana mwenye ekari chache za ufuta, mvua ikimjalia, hupata katika msimu mmoja fedha ambazo kibarua hazioni mwaka mzima.

Lakini, ndugu zangu, mali hizi mbili zinagombana, na wanaogombanishwa nazo ni vijana. Ufuta hustawi katika shamba jipya. Baada ya misimu michache magugu huzidi, mavuno hupungua, na mkulima huhama. Huhamia wapi? Huhamia msituni, na shoka. Kijana asiye na shamba halali ndiye wa kwanza kwenda kufyeka mahali pasiporuhusiwa, kwa kuwa hana pengine. Naye huyohuyo, mwenye njaa na nguvu, ndiye anayefuatwa usiku na wafanyabiashara wa magogo ya wizi. Wao hubaki mjini. Anayekamatwa na doria ni mtoto wetu. Kisha anayemkamata katika doria ni nani? Ni kijana mwenzake, jirani yake, pengine ndugu yake.

Mpingo huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Mti ambao leo ni mwembamba kama mkono wa mtoto hautavunwa na yeyote aliye katika mkutano huu. Utahitaji kulindwa na vijana hawa, halafu na watoto wao. Je, tunamtaka mtu alinde kwa miaka sabini kitu ambacho hajapata hata siku moja kuona faida yake? Hilo ndilo swali la leo. Tukilijibu vibaya, tutaupoteza msitu na vijana pamoja.

TUFANYE NINI

Sheria inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu. Nashauri mkutano unaokuja uyazungumze mambo matano yafuatayo, na kila jambo lipewe mtu wa kuliangalia na tarehe ya kutoa taarifa.

Kwanza, tuwahesabu. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba Mkoa wa Lindi una watu 1,194,028, ambapo mwaka 2012 walikuwa 864,652. Mkoa unakua upesi, na wengi wa wanaoongezeka ni watoto na vijana. Lakini hesabu ya mkoa haitatuambia mtoto wa nani yuko wapi. Kila balozi na mwenyekiti wa kitongoji aandike katika daftari: kijana fulani, umri wake, alikofikia shuleni, anachokijua, anachokitaka. Wasichana waandikwe nao, hata walioolewa. Daftari la kurasa chache litatufaa kuliko maneno mengi ya kulaumu.

Pili, ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kugawa ardhi kwa idhini ya Mkutano Mkuu, na imempa mwanamke haki sawa na mwanamume. Basi lipimwe eneo la vijana, nje ya msitu wa hifadhi, kabla ardhi yote haijakwisha kwa wenye uwezo wa kuomba ekari nyingi. Kila kijana apewe kwa jina lake, kwa maandishi, na kwa sharti kwamba alilime. Akiliacha misimu miwili, lirudi kijijini. Tena asipewe shamba tu. Bwana shamba aombwe awafundishe kupokezanisha ufuta na mbaazi, maana mbaazi hurudisha rutuba na ina mnunuzi wake. Shamba likidumu, shoka litapumzika.

Tatu, fedha za msitu. Napendekeza kwamba kila mavuno ya magogo yakiuzwa, sehemu iliyokubaliwa na Mkutano Mkuu itengwe kwa mafunzo ya vijana, iandikwe katika sheria ndogo za kijiji, na isomwe hadharani pamoja na mapato na matumizi mengine. Kilwa Masoko kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivyo vilianzishwa kuanzia mwaka 1975, kwa kufuata mfano wa Sweden, kwa ajili ya watu kama hawa hasa: watu wazima na vijana ambao shule iliwaacha njiani. Mjini Lindi kiko chuo cha ufundi cha VETA. Tukiwapeleka vijana wanne kila mwaka, wawili wa kike na wawili wa kiume, na kila mmoja akaweka ahadi ya kurudi kufanya kazi na kufundisha wengine, baada ya miaka mitano tutakuwa na mafundi ishirini: wa uashi, useremala, umeme, ushonaji na ufundi wa pikipiki. Leo pikipiki ikiharibika hapa tunasubiri fundi wa Nangurukuru, na fedha yetu inaondoka naye.

Najua wako watakaosema: "Fedha ya msitu ni ya wote, kwa nini wapendelewe vijana?" Hoja hiyo ni nzito na inastahili jibu. Darasa ni la wote, ingawa anayekaa ndani yake ni mtoto. Kisima ni cha wote, ingawa wengi wanaochota ni akina mama. Kadhalika fundi aliyesomeshwa na kijiji ni wa wote. Zaidi ya hayo, gharama ya kutokuwasomesha tunailipa tayari: tunailipa kwa mti ulioibwa, kwa nauli za kumtafuta mtoto aliyepotelea mjini, na kwa wazee wanaobaki wakilima peke yao.

Aidha, kazi za msitu wenyewe ziwe ni shule. Kupima magogo, kuhesabu miti, kupiga nyundo ya kijiji juu ya gogo, kuandika kumbukumbu za doria, kuchana mbao kwa kipimo: hizi ni kazi za maarifa. Kidato cha nne chako, kijana wangu, kina matumizi hapo. Tusikubali kwamba kila gogo liondoke likiwa gogo, na kijana wetu abaki na ujira wa kulipakia tu.

Nne, mikopo. Sheria inaitaka halmashauri ya wilaya itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kurekebisha utaratibu wake, nayo ikarejeshwa mwaka 2024. Lakini mkopo haumfuati mtu chini ya mwembe. Unadai kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki, na mpango wa kazi ulioandikwa. Afisa Maendeleo ya Jamii aombwe aje hapa aonyeshe namna ya kuandika. Na mkopo wa kilimo uombwe mapema, maana fedha inayofika wakati ufuta umekwisha pandwa huishia katika nguo na redio, na deni hubaki likiota.

Tano, wasichana. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu mwanafunzi aliyeacha shule kwa sababu ya mimba arudi katika shule ya serikali. Ruhusa ipo, kinachokosekana mara nyingi ni bibi wa kumlea mtoto, baba wa kulipa nauli, na jirani wa kunyamaza asicheke. Hivyo vitatu havihitaji sheria ya Bunge. Vinahitaji utu. Tukumbuke hesabu niliyoitaja mwanzoni: wawili kati ya watatu ni wanawake. Mpango wowote wa vijana unaowasahau umesahau theluthi mbili ya kazi.

TUSIACHE PWANI WALA KESHO

Msinielewe kwamba kila kijana lazima afungwe kijijini. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 imekuwa ikizalisha umeme tangu mwaka 2004. Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2023. Kazi za namna hiyo zinahitaji mtu wa kuunganisha vyuma, mtu wa mitambo ya baridi, mtu wa umeme, na kila mmoja huulizwa cheti. Wenye ufundi waliojifunza kwa macho na mikono, bila kukaa chuoni, wajue kwamba VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa cheti kwa ujuzi walio nao. Na wadogo walio shuleni sasa watakutana na mambo mapya: Sera ya Elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 inataka elimu ya lazima ya miaka 10, pamoja na mkondo wa amali. Kijana aende pwani, aende hata Dar es Salaam, lakini aende akiwa na kitu mkononi. Anayekwenda na ufundi huitwa fundi; anayekwenda mikono mitupu huitwa mzururaji, naye ni mtoto yuleyule.

NENO KWA VIJANA WENYEWE

Sasa ninyi vijana. Nimewatetea, lakini sikuja kuwabembeleza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ardhi ikipimwa, msiiuze kwa mtu wa mjini kwa bei ya simu. Mkopo ukija, mjue kwamba mwenzenu wa mwakani anausubiri urudi. Mkiteuliwa katika kamati ya maliasili, msipokee bahasha ya mwizi. Na katika Mkutano Mkuu msikae nyuma mkinong'ona. Aliyefikia miaka 18 ana sauti sawa na mzee wa miaka 80. Wengi wenu hamhudhurii, kisha mwalalamika kwamba wazee wameamua. Wataacha kuamua vipi, nanyi hamkuwapo?

Na ninyi wazee, mkubali kusahihishwa na mtoto katika mambo ya hesabu na maandishi, kama yeye anavyokubali kusahihishwa nanyi katika mambo ya mvua na mbegu. Kijiji kisichosikilizana hulimwa na wengine.

Ndugu Mwenyekiti, sikuomba jambo lolote ambalo Likawage haina. Ardhi mnayo, msitu mnao, sheria inawaruhusu, na vijana hawa hapa mbele yetu. Kabla hatujatawanyika, naomba jambo moja tu liamuliwe: ni nani atakayeanza kuandika lile daftari, na ni siku gani atatusomea majina.